Ishirini ya Madamu

Rangi ya waridi iliingia, ikakaa kidogo, ikapotea. Kija akaongeza tone jingine. Ikarudi, ikapotea tena. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari wa bureti, ule mrija wa kupimia dawa, akasoma, akaandika, kisha akaniita kwa sauti ya chini.

"Madamu, namba zangu hazikubaliani. Ya kwanza ishirini na tatu, ya pili ishirini na tano."

Ilikuwa mwaka 1996, Ilemela, kwenye shule ya binafsi ambayo maabara yake bado ilinuka rangi mpya. Mwalimu wa kemia, Chenge, alikuwa ameacha chaki akaenda kiwanda cha minofu ya sangara kupima usafi wa maji na barafu, na hakuna aliyemlaumu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita Bukoba, nasubiri chuo kikuu. Mkuu wa shule aliziona alama zangu, akanikabidhi ufunguo wa maabara na wanafunzi saba wa kidato cha sita, wawili kati yao wakubwa kuliko mimi. Nilivaa viatu vya mama ili nionekane mtu mzima.

Asidi ya salfuriki, inayotumika pamoja na dawa ya zambarau ya jaribio lile, ilikuwa imekwisha. Kabatini zilibaki chupa nne za haidrokloriki. Nikajiambia asidi ni asidi, nikaitumia.

Jibu lilipaswa kuwa ishirini. Hesabu nilikuwa nimeipiga mwenyewe. Lakini bureti zote saba zilisema mengine, na sasa darasa zima lilikuwa linanitazama. Kusema sijui kulinishinda. Shuleni kwetu jambo nililolifanya baada ya hapo tuliliita kupika: unalijua jibu, unarudi kinyumenyume, unaandika namba zitakazolileta.

"Andika ishirini," nikasema. "Ya pili weka ishirini nukta moja, isionekane imenakiliwa."

Kija alikuwa binti wa mfugaji wa Buhongwa. Alitaka udaktari, na pale shuleni hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angeupata. Aliniangalia, akaiangalia bureti.

"Lakini mimi nimeona ishirini na tatu, madamu."

"Bureti zetu za bei rahisi, zinadanganya. Mwenye akili analijua jibu kabla hajasoma."

Wenzake wakacheka. Akachukua kifutio, akafuta.

Jumapili ile nilikuta mstari mmoja kitabuni: haidrokloriki nayo hula ile dawa ya zambarau, kwa hiyo namba hupanda na kuyumba. Niliusoma mara nne, mashavu yakiniwaka. Kija alikuwa ameona sawasawa. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Jumatatu nilidhamiria kusema. Nikaingia darasani, nikamkuta mkuu wa shule ameketi nyuma na mzazi mgeni, anamwonyesha mwalimu wake kijana. Nikafundisha mada nyingine. Wiki iliyofuata niliona nimeshachelewa, na baada ya hapo nikaonea aibu kule kuchelewa kuliko kosa lenyewe. Muhula mzima tulipika ishirini ile ile. Walifika mahali wakaiita ishirini ya madamu, kwa utani, nami nikacheka pamoja nao.

Mtihani wa taifa ulikuja na asidi sahihi. Utaratibu ulimtaka mwalimu afanye jaribio lile lile kwanza, aandike namba yake na kuifunga kwenye bahasha, ili wasahihishaji wapime za wanafunzi kwa hiyo. Nilifanya hivyo. Kija alipotoka alinifuata mbio, karibu kucheka. Aliniambia bureti ilimletea namba nyingine, tena ile ile mara tatu, lakini hakubabaika. Alikumbuka bureti zinadanganya, akaandika ishirini.

"Asante sana, madamu," alisema. "Peke yangu ningeandika nilichokiona."

Bahasha ilikuwa bado mezani mwangu. Ndani yake haikuwamo ishirini. Nikamwambia pole kwa uchovu, na ndiyo yote niliyomwambia.

Matokeo yalinikuta Dar es Salaam. Dorcas, mmoja wa wale saba, aliniandikia kwamba kemia ilikuwa imemwangusha Kija, na nafasi ya udaktari ameikosa. Niliichana barua ile, halafu nikapiga magoti kuokota vipande.

Miaka kumi na tisa baadaye, nikiwa Mabatini, niliingia duka la dawa kutafuta za kifua. Mwanamke wa kaunta alikuwa anapima dawa ya maji ya mtoto, jicho lake sawa na mstari wa kikombe. Nilimjua kwa kuinama kule.

"Shikamoo, madamu."

Aliniletea kiti. Akanieleza kwamba binti yake, Hellen, yuko kidato cha tano, anasoma sayansi, ila majaribio ya kemia yanampiga chenga. Kisha akasema, bila kejeli yoyote, "Ungemfundisha kama ulivyonifundisha mimi."

Sikuweza kukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: asidi, kitabu, Jumatatu ile. Nililia, na kilio changu hakikumsaidia yeyote. Kija alikifunga kizibo cha chupa taratibu.

"Siku ya mtihani niliona kumi na nane nukta mbili," alisema. "Mara tatu. Mpaka leo naiona. Ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa. Ndiyo niliyoifunga kwenye bahasha."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayehakiki jibu, akamwita mteja aliyefuata.