Kiti cha Mama wa Bi Harusi

Wanawake wa Tandika walianza kumzomea Zuena kabla hajashuka kwenye bajaji.

"Mama Sumu huyo! Ficheni watoto!"

Mwingine akahamisha sahani yake ya pilau kutoka goti hili kwenda goti lile, kana kwamba sumu inarushwa kwa macho, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Zuena akatabasamu. Alikuwa na tabasamu maalumu la kupokelea matusi, alilolitengeneza mwenyewe mbele ya kioo, na siku hiyo alilivaa tangu anatoka kwake Mwananyamala.

Ukweli usemwe: hapakuwa na mtu pale aliyekosewa na Zuena. Kosa lake lilikuwa kuigiza vizuri. Miaka sita mfululizo, kila Jumatatu na Jumatano, aliingia sebuleni kwa watu kupitia tamthilia ya runinga akiwa mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula, anayemchoma kwa kijiko cha moto, na mwisho akamtilia sumu kwenye uji. Nchi nzima ikamjua. Muuza samaki wa mtaani kwao aligoma kumuuzia vibua. Mwanamke mmoja alimtemea mate kwenye foleni ya hospitali, naye siku hiyo alikuwa na homa ya kweli, hakuwa anaigiza.

Halafu hata huko kuchukiwa kukaisha. Tamthilia ilipoanza msimu mpya, nafasi yake akapewa binti wa miaka ishirini na nne asiyejua hata kukunja uso, ila ana wafuasi milioni mtandaoni. Zuena alizisikia habari hizo kwa mpambaji wa waigizaji. Alipompigia simu Brightson, mwongozaji wao, akaambiwa asikate tamaa, kuna nafasi nzuri sana imebaki. Nafasi ya maiti. Siku moja tu, alale ndani ya sanda na ajitahidi asipumue sana.

Zuena akamkatia simu. Siku hiyohiyo akamtangazia kila aliyetaka kusikia, na wengi wasiotaka, kwamba yeye sasa ni mwimbaji wa taarabu.

Wala haukuwa uongo mtupu. Sauti alikuwa nayo. Utotoni aliongoza kaswida madrasa, wapita njia wakisimama dirishani kumsikiliza. Na wimbo alikuwa nao, alioutunga mwenyewe kwa hasira ndani ya wiki moja, akimlenga yule binti aliyemnyang'anya kazi. Aliuita "Kiti".

Kikundi kilichokubali kumsikiliza kilifanyia mazoezi Keko, nyuma ya karakana ya makabati, ambako kila ubeti ulikatwa katikati na mlio wa randa. Kiongozi wake alikuwa Mzee Mwinshehe, mpiga kinanda, mtu mpole asiyemwambia mtu yeyote hapana. Mwimbaji wake mkuu alikuwa Munira, na yeye hapana alikuwa nazo za kutosha kikundi kizima.

"Nyie waigizaji mna matatizo gani?" Munira alimuuliza siku ya kwanza, hata salamu hakuna. "Muvi zikikauka, haoo, mnakuja kwetu. Mbona mie nikikosa shughuli siendagi huko kwenu kuomba kuigiza?"

"Labda kwa sababu hujui kuigiza, dada."

"Na wewe labda hujui kuimba."

Tangu hapo waliongea kupitia kwa Mzee Mwinshehe, hata kama wamekaa benchi moja. "Mzee, mwambie huyo asogeze mkoba wake." "Mzee, mwambie mkoba una mwenyewe." Mzee Mwinshehe akawa anausogeza mkoba yeye.

Mwishowe mzee akatoa uamuzi. "Mwanangu Zuena, nitakupa wimbo mmoja. Jumamosi tuna shughuli ya hina Tandika, alasiri. Wanawake wakiinuka kukutunza, uko ndani. Wasipoinuka, tuachane kwa heri na usinilaumu."

Ilikuwa haki kabisa. Taarabu haina hakimu mwingine. Wimbo ukimgusa mwanamke, anainuka na noti mkononi, anakuja akicheza, anamtunza mwimbaji, na wote wanajua kwamba maneno hayo ameyachukua yeye na ana mtu anayetaka ayasikie. Mwimbaji asiyetunzwa ni sawa na redio.

Siku moja kabla ya shughuli, Munira alimfuata Zuena kwenye ngazi ya karakana akamwambia moja kwa moja, bila kumpitishia mzee.

"Kesho ukiimba, angalia turubai. Macho juu. Usimwangalie mtu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Zuena alicheka mpaka mafundi wakageuka. Wivu gani huu usiojificha? Brightson, pamoja na upuuzi wake wote, alikuwa amemfundisha jambo moja la maana: kwenye umati tafuta macho ya mtu mmoja, mwambie yeye, na wengine wote wataamini. Kwa njia hiyo alichukiwa na nchi nzima. Hakuwa tayari kuiacha ili akaimbie turubai.

Ndiyo maana sasa alikuwa Tandika, amesimama juu ya zulia lililotandikwa chini ya turubai, katikati ya barabara, maiki mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Wanawake zaidi ya mia walikaa kwenye viti vya plastiki, wote wamevaa sare ya madera ya kijani. Bi harusi alikuwa ndani akipakwa hina. Mbele kabisa kulikuwa na kiti kimoja kilichovalishwa kitambaa cheupe na utepe wa dhahabu, kiti cha mama wa bi harusi, na juu yake alikaa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mkoba umetulia mapajani. Huyo hakuwa na sare. Alivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi vizuri. Hatua chache kutoka kwake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwanamke mwingine mwenye bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko, na huyo ndiye aliyezungukwa na watu.

Zuena aliyaona yote hayo na hakuyasoma. Alikuwa anasubiri kinanda.

*Kiti ulichokalia, mwenyewe yuko njiani,
Hata ungeng'ang'ania, huendi nacho nyumbani.*

"Rudi kapike uji!" mtu akapiga kelele.

"Maiki imeingia sumu hiyo, msiishike tena!"

Kizibo cha chupa ya maji kikampiga begani. Sauti ikamkatika katikati ya neno. Pembeni ya spika alimwona Munira amekunja mikono, na hakuhitaji kumtazama usoni kujua kinachoendelea huko. Hakuna aliyeinuka. Ubeti wa pili ukapita, hakuna. Zuena akaiona sanda ya Brightson imekunjwa mahali inamsubiri.

Basi akafanya alichokijua. Akatafuta macho ya mtu mmoja.

Hakuyatafuta mbali. Yule mwanamke wa kitenge, kwenye kiti cheupe, alikuwa mtu pekee asiyemcheka. Alimtazama kwa upole, anaitikia kwa kichwa taratibu kama mwalimu anayemhimiza mtoto amalizie kusoma. Hata akapiga makofi madogo, peke yake. Zuena akayashika macho hayo na kumwimbia yeye.

*Inuka, mama, inuka, kabla hujainuliwa.*

Kelele zikakoma ghafla. Kisha kikalipuka kigelegele kimoja, na kingine, na turubai zima likawaka. Wanawake wakainuka, wawili, watano, safu nzima. Lakini hawakuja moja kwa moja kwa Zuena. Walipitia kwanza mbele ya kile kiti cheupe, wakazitikisa noti puani kwa yule mwanamke, wakamkatia kiuno, ndipo wakaja kumbandika Zuena noti kwenye paji la uso.

"Mzazi karudi!" mmoja akapaza sauti. "Mlezi ainuke!"

Mwenye bangili naye akainuka, akacheza taratibu, anasindikizwa na dada zake.

Hapa isisemwe kwamba Zuena hakujua. Hakujua kisa, hilo ni kweli. Lakini alikuwa ameigiza miaka kumi na minane, uso wa mtu ndiyo kazi yake, na aliliona tabasamu la yule mwanamke likiondoka kidogo kidogo. Aliona anavyogeuza kichwa kutazama nyuma, akidhani labda anayeimbiwa yuko huko. Aliona alipoelewa. Angeweza kuyainua macho juu kwenye turubai, ni jambo la sekunde moja. Lakini noti zilikuwa zinamnata usoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, umati ulikuwa unamshangilia. Alishuka kwenye zulia, akamsogelea, akamnyooshea kidole.

*Inuka, mama, inuka!*

Mwanamke akainuka.

Mzee Mwinshehe akapunguza kinanda, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia ugomvi. Haukutokea. Yule mwanamke alisimama karibu na Zuena kiasi kwamba maiki ilichukua maneno yake, ingawa aliyasema polepole, kwa Kiswahili cha mtu wa bara.

"Dada, nilikuwa ninakuonea huruma wanavyokuzomea. Mimi nimekukosea nini?"

Akangoja jibu. Kweli alingoja, kama mtu aliyeuliza swali analotaka kujibiwa. Zuena akaishusha maiki. Mwanamke akaweka mkoba begani, akapita katikati ya madera ya kijani, akatoka.

Nyuma ya spika, Munira alimkamata Zuena mkono kwa nguvu.

"Nilikwambia uangalie turubai!"

"Ungeniambia sababu!"

"Sababu? Sie tunaimba hewani. Mwenye jambo lake analichukua mwenyewe, anamrushia mwenzake mwenyewe, sie hatumo. Wewe umeenda kuwachagulia watu mtu wa kumla!" Munira akamwachia mkono. "Yule ni Koku. Mhaya. Kaolewa hapa na baba wa bi harusi, kamlea huyo binti tangu ana miaka miwili, mama mtu yuko zake Maskati. Mzazi karudi juzi na dhahabu zake, ukoo mzima umehamia kwake, hata sare hawakumwambia mwenzao. Binti mwenyewe ndiye aliyesema kile kiti akikalie Koku. Na unajua watoto wa mtaa huu walikuwa wanamuitaje, ile tamthilia yenu ilipokuwa inaonyeshwa?"

Zuena alijua: lilikuwa jina lake yeye.

Bi harusi alitoka ndani wakati huo, kajitanda khanga, kainua mikono yote miwili ili hina isifutike. Akakitazama kiti.

"Mama yuko wapi?"

"Nipo hapa, mwanangu," akasema mwenye bangili.

"Namuuliza mama."

Walewale waliokuwa wanacheza sasa wakawa wanatazama sahani zao. Kisha kidole kimoja kikanyooka kuelekea kwenye spika, na cha pili, na vyote vikafuata.

"Huyo hapo. Mama Sumu ndiye kamfukuza."

Binti alimwangalia Zuena. Hakumtukana. Akatoka barabarani miguu mitupu, anaita, mikono bado juu, mpaka alipolazimika kushika khanga isianguke, na hina yote ikaishia kwenye khanga.

Kikundi kilikuwa kinafunga nyaya Mzee Mwinshehe alipomjia Zuena, uso umemng'aa. Alisema pole kidogo, kwa adabu, kisha akasema aliyoyajia. Miaka thelathini kwenye kinanda hajaona wanawake wakiinuka vile. Zuena yuko ndani, hilo limekwisha. Ila jina la Zuena waliache. Kwenye mabango wataandika Mama Sumu, maana ndilo watu wanalolijua.

"Na uimbe vilevile," akaongeza. "Ushuke vilevile, umwendee mtu."

Munira aliyasikia. Akaendelea kukunja waya wake mkononi, mzunguko juu ya mzunguko.

Mzee alikuwa hajaondoka vizuri alipofika mwanamke mmoja wa safu ya mbele, dera limelowa jasho, simu mkononi.

"Mama Sumu, umetukosha! Sie tuna shughuli Kawe, Ijumaa ijayo. Nimeshaongea na mzee, kasema nikuone wewe." Akaisogeza simu. "Namtaka huyu. Mke mwenza wa mdogo wangu. Anajifanyaga mstaarabu sana."

Kwenye picha kulikuwa na mwanamke mnene kiasi, anacheka, kampakata mtoto aliyeshika miwani yake. Zuena akaitazama. Alimwona Koku akiwa anangoja jibu. Akaiona na sanda, na Brightson akimwambia asipumue sana. Noti moja ilikuwa bado imemganda shingoni kwa jasho, akaibandua, akaishika.

"Vipi, utamwimbia?" mwanamke akauliza. "Au hufanyagi hivyo?"

Zuena akavuta simu karibu na macho, akaukuza ule uso kwa vidole viwili.

"Akija kwenye shughuli," akauliza, "anakaaga upande gani?"