Posa ya Pua Iliyoziba

Usiku wa kuamkia leo, nikiwa nimelala kinywa wazi kama ilivyo desturi yangu, niliota pua yangu inaposwa.

Ilinibidi nihudhurie, maana ni yangu. Tangu kiwiko cha mlinzi wa netiboli kiilaze upande, haipitishi hewa. Daktari Shekiondo alikwisha kuniambia: "Tutachukua kipande cha gegedu, ule mfupa laini, kwingine mwilini, tukishone humo kiinyanyue. Wewe fikiria tu kitoke wapi." Basi nililala nikifikiria.

Chumba cha upasuaji kimetandikwa mkeka, na halua ipo kwenye sinia la visu. Pua amekaa katikati, kafunikwa kanga gubigubi. Mimi usoni nimebandika leso, chini yake hapana kitu. Daktari yuko mlangoni anapanga viatu vya wageni.

Msemaji wetu ni Shangazi Mwantumu, aliyenilea. Hashangai hata kidogo.

"Kaa vizuri, mwanangu. Tusipoafikiana leo, Pua harudi usoni kwako. Mwari akishatolewa nje harudishwi ndani mikono mitupu."

Mshenga ni Uzi. Alipoanza salamu alikuwa mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Sasa amebaki mkia wa panya.

"Mimi ni uzi wa kuyeyuka," anasema. "Nawashika mpaka washikane wenyewe, kisha naondoka bila kuaga. Kwa hiyo tufanye upesi, bibi."

"Mbona hawakumtuma Nailoni? Yule hayeyuki."

"Nailoni hajui kuondoka, bibi. Watu wamekwisha kuzoeana, yeye bado yumo katikati."

Mposaji wa kwanza ni Ukuta wa Pua, binamu yake wa ndani. Shangazi anachangamka.

"Nyama ya hamu huyo. Twende mbali kutafuta nini?"

"Shikamoo, shangazi. Nampenda, lakini mimi ndiye nimeshika paa. Mkinimega zaidi, nyumba inalala."

Anaingia Ubavu, kanzu imenyooka, kifua mbele. Anasema ana gegedu la kutosha pua tatu, na kwao ndiko unakolala moyo. Macho ya Shangazi yanang'aa.

"Ila nikishakatwa huwa napinda," anaongeza.

"Lini?"

"Baada ya harusi."

"Kama wenzako wote," anasema Shangazi, akimsogezea halua.

Huko nyuma yupo Sikio, kajikunja.

"Na wewe una nini?"

"Sina kikubwa. Mimi ni laini, na nimepinda tangu kuzaliwa. Lakini hilo mnaliona leo leo."

Shangazi anamgeuzia mgongo. Anainama kwenye kanga. "Mwanangu, umemridhia Ubavu?"

Kimya.

"Kimya ni ridhaa," anatangaza, na kigelegele kinapanda. Daktari anaacha viatu, anachukua kisu.

"Shangazi," nasema, "hajaridhia. Ameziba."

"Mwari hasemi, mwanangu. Hata mimi sikusema."

"Wewe ulinyamaza kwa hiari. Huyu hata akitaka kukataa, hawezi."

Uzi sasa ni kama ukucha. "Jamani," anasema, kwa sauti nyembamba, "mimi naisha."

Sikio anajikunjua. Anapita katikati ya watu bila kuomba njia, anajilaza juu ya kanga, anatulia. Hata halua inaacha kutafunwa.

"Anasema hataki urefu," Sikio anasema. "Anataka kupumua."

Ubavu anacheka. "Nani mwingine amemsikia?"

Shangazi anaichukua halua iliyo mbele ya Ubavu.

"Nani mwingine alimsikiliza?" anasema. "Sikio, baba, sogea hapa."

Uzi anaruka na kipande chake kilichobaki. Anapita huku, anatokea kule, anakaza fundo. "Basi wapendane na—" anasema, anakwisha. Shangazi anapiga kigelegele kirefu mpaka taa ya chumba cha upasuaji inayumba, na akiishiwa pumzi anaanza kingine.

Nikaamka. Kinywa kilikuwa kimefungwa.

Nilikaa kitandani nikiogopa kukifungua. Kisha nikasikia harufu ya iliki, hafifu, upande mmoja tu.

Shangazi alikuwa jikoni anakanda maandazi. Nilimwamkia. Midomo yake ikacheza, hakikutoka kitu. Akakohoa, akajaribu tena, ikatoka sauti kavu, ya kukwaruza.

"Marahaba. Usinisemeshe sana leo," alinong'ona. "Nimelala na sauti yangu nzima, nimeamka sina. Ungesema nilikesha harusini."