Magoti ya Wanawake wa Tabora

Mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya ukumbusho wa kutawazwa Malkia wa Uingereza, Apolinaria alikwenda dispensari asubuhi na mapema akasimama kwenye foleni ya dirisha la dawa. Alikuwa amejitanda khanga mpaka usawa wa macho, ingawa jua lilikuwa halijapata ukali wa kumfanya mtu ajifunike. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Hedhi yake ilikoma tangu mvua za mwaka juzi, na tangu hapo uke wake ulikauka, ngozi ikawa nyembamba, ikichanika kila mumewe alipomkaribia. Alitoka damu. Kanisani alikaa upandeupande, na kila alipomtazama Mama Maria pale ukutani aliona haya, akashusha macho.

Mumewe, Anselm, alikuwa mnyapara wa genge la reli upande wa Igalula. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyenuna. Apolinaria alikwisha kumwambia kwamba inauma, naye alijibu kuwa hata yeye mgongo unamuuma na kazini anakwenda. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba karanga zikishavunwa ataleta mwanamke kutoka Nzega wa kusaidia kazi za nyumbani. Mtaa mzima wa Kanyenye ulijua mume Mkatoliki, asiyeruhusiwa mke wa pili, anamaanisha nini akisema hivyo. Apolinaria alimpenda Anselm. Alitaka kupona kabla ya mavuno, basi.

Tatizo lilikuwa dirishani. Bwana Mganga, Mzungu, alikaa chumba cha nyuma na aliwaona wale tu waliopelekwa kwake na dresa, msaidizi wake aliyegawa dawa. Dresa mwenyewe alikuwa Hilari, mume wa binti yake Tekla. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani huingia majanini mpaka mama apite. Hilari alikuwa kijana mwenye adabu. Alipoziona khanga zile aliinamisha kichwa, akazungumza na meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Unaumwa wapi, mama?"

Aliuliza kwa sauti kubwa, maana ndivyo alivyofundishwa, na foleni nzima ikanyamaza kusikiliza.

"Goti," akasema Apolinaria.

Hilari akaiweka chupa ya dawa ya kuchua ukingoni mwa dirisha, ili mikono yao isigusane. Jioni Apolinaria akajipaka, kwa sababu kuitupa dawa baada ya kudanganya kungekuwa dhambi mbili. Kulipokucha, goti la kulia lilikuwa goti lake la zamani, lile alilokuwa nalo kabla hajamzaa Tekla: laini, halina kovu, linakunjika bila mlio. Kwingine kote alikuwa kama jana. Akainuka akapika uji.

Alirudi tena na tena. Kila mara alikwenda kwa barabara ya zamani ya misafara, ile iliyokanyagwa na wapagazi mpaka leo nyasi hazioti, na njia nzima alilikariri neno lenyewe kimoyomoyo. Alipofika mbele ya kile kichwa kilichoinama, ulimi ulikuwa mzito. Alisema mikono, akapewa dawa, mikono ikawa ya kijana. Alisema shingo, kisha kifua, kisha miguu. Alisema meno, na yale mawili yaliyong'oka zamani yakaota upya. Akawa anarudi nyumbani anatafuna muwa huku analia.

Jirani yake Zeyana, mjane wa Kiarabu aliyeuza samli, alilitazama lile goti siku moja Apolinaria alipochuchumaa kupimiwa samli.

"Ulimwambia goti?" akauliza.

"Goti."

"Mimi nilisema mgongo," akasema Zeyana, akafuta midomo ya chupa. Ni kweli, alikuwa mtu mzima kumzidi Apolinaria, na mgongo wake ulinyooka kama wa bibi arusi aliyekalishwa kutazamwa na wageni. Apolinaria alikuwa ameuona miaka yote hiyo bila kuuwazia.

Kuanzia hapo aliona mengi. Sokoni Mwanahawa muuza asali, bibi wa wajukuu tele, alikuwa na nyayo zisizo na ufa hata mmoja. Bertila wa kwaya alikuwa na masikio ya kitoto yaliyobanwa na hereni zake. Kwenye foleni ya dirisha walisimama wanawake wenye mvi na viwiko vya kijana, viganja vya kijana, visigino vya kijana, kila mmoja na kiungo chake. Walisalimiana vizuri. Waliulizana habari za mashamba. Hakuna aliyemuuliza mwenzake lolote kuhusu kiungo, na Apolinaria naye hakuuliza, maana angeulizwa.

Nyumbani mambo yaliharibika. Anselm alifurahi. Jumapili alitembea naye bega kwa bega mpaka kanisani badala ya kutangulia kama desturi yake, na chumbani alimjia mara nyingi kuliko zamani. Apolinaria aliuma khanga, akafua shuka kabla hajaamka mtu. Siku alipomsukuma, Anselm alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwili wa bibi arusi," akasema, "visingizio vya bibi kizee." Hakuwa amekasirika. Alikuwa na huzuni, na hiyo ndiyo iliyomchoma mkewe zaidi.

Aliporudi dirishani, neno likamkwama tena, akasema kichwa. Akapewa vidonge. Asubuhi nywele zilikuwa nyeusi tii na uso ulikuwa ule wa picha ya ndoa yao. Sasa hapakubaki penye uzee ila pale alipokuwa anapaficha.

Karanga zilikuwa zimeanza kung'olewa alipokwenda safari nyingine. Joto lilikuwa kali, akaziacha khanga mabegani. Hilari akainua kichwa akamtazama machoni, akatabasamu.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

Hakumjua. Miaka yote ya ukwe wao Apolinaria hakuwahi kuyaona macho yake, na sasa aliona kwamba ni macho mapole. Akapata nguvu. Akalisema neno, na habari yote ya ukavu, na damu, na mumewe.

Hilari akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, huo ni ugonjwa wa wanawake waliokoma hedhi," akasema kwa upole. "Dawa yake ipo, nilisomeshwa." Akashusha kikasha kutoka kwenye rafu, akapuliza vumbi. "Unaona? Tangu kiletwe hakijafunguliwa. Wenye umri wa kuihitaji hawajaja hata mmoja. Wanawake wa Tabora wanaumwa magoti. Wewe bado mbichi. Rudi kwa mumeo, usichezee dawa ya serikali."

Kikasha kilikuwa karibu, angenyoosha mkono angekifikia. Apolinaria akaona haya, kisha akasema, kwa kuwa hakuwa na la kusema jingine:

"Mimi ni mama yake Tekla."

Aliposikia jina la mkewe, Hilari akaitambua sauti. Akageukia ukuta, kama desturi inavyotaka, akapapasa nyuma yake mpaka akalipata bawa la dirisha, akalifunga. Foleni ilingoja kidogo, kisha watu wakatawanyika.

Wazee wa pande zote mbili walikutana Jumapili. Juu ya uso wa Apolinaria hakuna aliyesema neno, sura ni majaliwa ya mtu. Kilichowakalisha ni kwamba mama mkwe amemtamkia mkwe wake maneno yasiyotamkika. Waliuliza maneno gani, na Hilari, kwa heshima, alikataa kuyarudia. Wakamtoza mama mkwe mbuzi jike. Anselm alimfunga yule mbuzi kamba mwenyewe akamkabidhi kwa wazee wa Hilari, na alivyokuwa ameaibika hakumuuliza mkewe chochote, siku ile wala baadaye. Kikasha kikarudishwa juu ya rafu.

Karanga zilipokwisha kuanikwa, Paskazia akafika kutoka Nzega na furushi kichwani. Alikuwa mwanamke kijana aliyeachika, mwenye adabu zake. Akamkuta Apolinaria anafagia uwanja, akadhani ni mwenzake, wamelingana umri.

"Hodi. Mama mwenye nyumba yupo?"

"Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Apolinaria akamwambia. Alipataja mahali penyewe kwa jina, mchana kweupe, na jirani akapita na ndoo akasikia. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, na aibu ilimpanda vilevile.

"Masikini," akasema Paskazia. "Na hospitali walisemaje?"

"Walifunga dirisha. Sisi tukalipa mbuzi."

Paskazia akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akashusha furushi, akauliza yeye atalala wapi. Apolinaria akamwonyesha chumba, kisha akaenda kubandika maji ya kuoga ya Anselm, kwa kuwa treni ya Igalula ilikuwa imekwisha kupiga honi.