Mchanga kwenye Grisi

Kilichomkera fundi si baiskeli yenyewe. Baiskeli alishaisamehe siku ile ile ilipoingia karakanani ikiwa vipande ndani ya boksi: fremu nyeusi isiyo na jina wala kibandiko, nyepesi mpaka unageuka kuangalia kama nusu yake haikudondoka njiani. Kilichomkera ni mdogo wake kumwambia, tena mbele ya fundi cherehani wa mlango wa pili, "Dada, naomba usiguse boliti yoyote."

Miaka ishirini na sita anakaza boliti za watu. Na huyo mdogo wake, ambaye siku hizi anatengeneza meno ya bandia na kuvaa koti jeupe, alijifunzia baiskeli hapo hapo nje, dada mtu akimshikia siti kwa nyuma na kukimbia naye mpaka kandambili zikakatika.

"Nisiguse," alisema fundi. "Nina upele?"

"Ni kaboni, dada. Ukizidisha kukaza, inapasuka, na ufa wenyewe hauonekani." Akatoa spana ndefu yenye namba. "Hii inapima nguvu ya kukaza. Ikifika tano inalia, unaacha."

"Spana inalia." Fundi akamgeukia jirani. "Umesikia hayo? Zangu hazijawahi kufiwa."

Fundi cherehani alicheka mpaka akapoteza uzi. "Kwa hiyo ni plastiki?"

"Si plastiki, kaka. Ni nyuzi zimegandishwa kwa gundi."

"Nyuzi na gundi. Basi ilitakiwa ije kwangu."

Fundi meno aliinamia boksi lake. Vipande vile alivikusanya miaka miwili, kimoja kimoja. Shokapu ya mbele aliipata kwa mtu aliyevunjika mguu, ya nyuma kwa mtu aliyeoa, na breki za mafuta kwa shemeji aliyenenepa. Wiki nzima, akitoka kazini, alivua koti akafunga, akipima kila kitu kama jino. Dada yake alikaa kwenye kigoda akiziba pancha za wauza maziwa, amempa mgongo lakini masikio hakuyaziba. Kila spana ilipolia "tik", aliona ni yeye anayetukanwa.

Jumapili, siku ya kuijaribu baiskeli kwenye kilima cha machimbo ya kokoto, fundi alifika karakanani mapema. Kuitazama tu. Akaitazama, akaona shingoni mwa bomba la siti kuna uji wa kijivu umetokeza. Akaugusa. Mchanga.

Mtu mzima, ana cheti ukutani, anaweka grisi iliyoingia mchanga kwenye baiskeli mpya. Halafu yeye ndiye anayeambiwa asiguse. Fundi alilegeza, akachomoa bomba, akalifuta mpaka likang'aa, akalipaka grisi yake nyekundu, ile asiyowapa hata wateja wa siku nyingi. Akarudisha siti palepale. Huko si kugusa boliti, alijiambia. Huo ni usafi.

Mdogo wake alipokuja alipitisha spana yake kwenye kila boliti, ikalia kwenye zote, wakaondoka. Yeye juu ya kaboni, dada juu ya baiskeli yake ya chuma inayolalamika kila inapozunguka.

Nusu ya kilima, fundi aliona magoti ya mdogo wake yanazidi kupanda. Siti ilikuwa inazama. Jamaa akashuka, akaivuta, akakaza, tik. Mita hamsini, magoti yakaanza tena safari ya kwenda masikioni. Mara ya tatu, wakiwa wameshafika juu, akakaa kwenye jiwe.

"Walinionya," alisema. "Fremu ya bei rahisi, haina hata jina. Bomba limetoka pana." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa dada yake, akatoa spana ya kawaida, akampa. "Kaza wewe, dada. Kwa mkono wako, kama unavyokaza za chuma."

Wiki nzima fundi alikuwa anayasubiri maneno hayo. Akaishika spana, akaingiza kwenye boliti. Robo mzunguko tu, na siti isingezama tena. Akatazama chini. Mawe kama vyungu, mteremko mpaka barabarani. Na ufa wenyewe hauonekani.

"Nimeweka grisi," alisema.

"Grisi gani?"

"Nyekundu. Ile yangu nzuri."

"Wapi?"

"Unafikiri wapi?" Hasira ikampanda upya. "Ya kwako ilikuwa na mchanga. Ulitaka nikuache?"

"Ule mchanga ndio unaoshika bomba, dada. Inatengenezwa hivyo. Ipo kwenye tyubu, na imeandikwa."

"Mimi nasoma tyubu zako? Habari za boliti umenihubiria wiki nzima. Habari za mchanga umeniambia lini?"

Mdogo wake akatoa tyubu mfukoni. "Sikukuambia," alisema. "Nilijua utacheka."

"Ningecheka. Halafu ningejua."

Fundi alivua kitambaa chake cha kichwani, akachomoa bomba la siti, akafuta grisi nje na ndani mpaka pakakauka, akisonya kila anapofuta. Mdogo wake akampa tyubu. Akaupaka ule uji mwenyewe, uso ameukunja kama anayepaka tope kwenye keki. Kisha akapewa spana yenye namba.

"Mpaka ilie," alisema mdogo wake.

Ikalia. Mkono wake ndiyo kwanza ulikuwa unaamka.

"Hapo tu?"

"Hapo tu, dada."

"Hii ni dharau," alisema fundi, lakini akaacha.

Jamaa akateremka. Fundi hakumtazama yeye, alitazama siti. Shokapu zikameza mawe mbele na nyuma, gurudumu likaruka, likatua, na siti haikushuka hata unene wa kucha. Kule chini mdogo wake akageuka, akapunga mkono.

Dada hakupunga. Alikuwa amechutama kando ya baiskeli yake ya chuma, ameingiza ile spana yenye namba kwenye boliti aliyoikaza mwenyewe miaka kumi iliyopita. Hata kabla hajaisukuma vizuri, ikalia.

"Nyamaza, we," aliiambia, akaisukuma tena.