Visahani Vyeupe

Kipimo hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, wala kitambi cha kumfanya mtu amwite bosi kabla ya kumjua. Hakuwa na ofisi. Meza yake ilikuwa kwenye korido ya taasisi ya misitu, kati ya mtungi wa maji na mlango wa choo, na kila aliyepita alimsalimu kulingana na haraka yake. Hakuwa na watoto. Hakuwa na maneno mengi. Na kwa kadiri alivyojua mwenyewe, hakuwa na adui.

Alichokuwa nacho ni mashine ya leza na rafiki.

Mashine ilikuwa mali ya taasisi, lakini aliyeishika kila siku ni yeye. Husimama juu ya miguu mitatu, ikazunguka taratibu huku ikirusha miale isiyoonekana. Mwale ukigonga jani unarudi, na mashine inajua jani liko umbali gani na limerudisha mwanga kwa nguvu gani. Jani bichi hujibu kivyake, gome kivyake, na kisiki kilichotoka kukatwa, kwa weupe wake, hung'aa kuliko vyote. Majibu yakishakuwa mengi, msitu mzima unasimama ndani ya kompyuta, kuanzia vichaka vya chini hadi paa la majani.

Rafiki alikuwa Daktari. Walisoma shule ya jioni dawati moja, wote wakitoka vibaruani na macho mazito. Daktari aliendelea hadi chuo kikuu akarudi na cheo. Kipimo alibaki na cheti, akakitia fremu na kukitundika sebuleni. Ni Daktari aliyemtafutia kazi, na ni Daktari aliyemfundisha leza na kumbandika jina hilo la Kipimo. Kwa hiyo Daktari alipotaka kupima msitu wa wakwe za Kipimo, Kipimo alimpeleka mwenyewe.

Msitu ulikuwa wa ukoo wa mkewe, na mwenye kauli alikuwa mama mkwe, mwalimu mstaafu ambaye hata wanawe walimwita Mwalimu. Alimsikiliza Daktari akieleza jinsi mwanga wa jua unavyogawanywa na majani, tabaka kwa tabaka. Kisha akamgeukia Kipimo.

"Huyu bwana anaongea vizuri, anaweza kuuza maji mtoni. Sasa wewe, mkwe. Hiyo taa yenu inakula miti?"

"Haili kitu, Mama. Ni mwanga tu."

"Na picha zikishatoka zinakwenda wapi?"

"Kwenye utafiti, Mwalimu," Daktari akajibu.

"Nimemuuliza mkwe wangu."

"Kwenye utafiti, Mama. Hazitoki hapo."

"Haya. Basi nimekukabidhi wewe, sikumkabidhi yeye. Na sitaki msumari kwenye mti wangu hata mmoja."

Mashine haiwezi kuona msitu wote kutoka mahali pamoja. Huhamishwa hapa na pale, na ili picha zishikane huhitajika alama zinazoonekana kila upande, visahani vyeupe vinavyorudisha mwanga kwa nguvu. Kwingine kote walikuwa wakivichomeka kwenye vijiti. Safari hii Daktari alitaka vifungwe kwenye miti.

"Chagua ile minene iliyonyooka," alisema. "Haitikisiki na upepo."

Ilikuwa na maana. Kipimo akavifunga kwa kamba ya katani, akikaza kila fundo kama mtu anayefunga mzigo wa mama yake. Kazi ilipokwisha, Daktari alisema visahani vibaki, wangevitumia tena mwakani.

Mwaka uliofuata Daktari hakutaka kuingia msituni. Walirusha ndege ndogo isiyo na rubani kutoka upande wa barabara, ikapima kutoka juu. "Tusiwasumbue wakwe zako kila mara," alisema.

Kipimo alifungua vipimo kwenye meza yake ya koridoni. Paa la msitu lilikuwa na mashimo. Miale ambayo mwaka jana ilisimama kwenye majani ya juu, sasa ilikuwa inashuka bila kizuizi hadi chini, na chini ya kila shimo kulikuwa na duara dogo linalong'aa. Alidhani amekosea, akaanza upya. Kisha akaitandaza picha ya mwaka jana juu ya ya mwaka huu.

Kila shimo lilikaa pale alipofunga kisahani.

Ndipo alipovikumbuka vile vijiti ambavyo safari ile Daktari hakuvitaka. Akatoka nje, akampigia simu mama mkwe.

"Vijana wako wameshamaliza?" Mwalimu akamwahi. "Wale waliokuja kutoa visahani. Mlinzi aliwakatalia kwa sababu ya misumeno, wakasema ni ya matawi yaliyoshika kamba. Wakasema wametumwa na mkwe. Nikamwambia mlinzi awafungulie, kama ni mkwe hakuna neno. Kule mbali sijafika, magoti yangu haya. Hukuniambia kwamba wangekaa wiki nzima."

Kipimo alihesabu mashimo upya kichwani, simu ikiwa sikioni.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, Mama. Nitakuandikia."

"Mh. Kama ni la kuandikwa basi si dogo," Mwalimu akasema, akakata.

Daktari alikuwa anakula karanga ofisini, ripoti iko mezani tayari.

"Kaka, karibu. Nimekuachia nafasi ya sahihi hapo chini. Nimeandika kwamba miti imeangushwa na upepo."

"Upepo umefuata visahani vyangu?"

Daktari aliacha kutafuna. Akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa.

"Wenye mbao wangeingia tu, leo au kesho. Mimi nimewaonyesha ya kuchukua ili wasibomoe yote. Ukitazama vizuri, nimeuokoa msitu."

"Ulijua tangu siku ile ya vijiti."

"Usinitazame hivyo, bwana. Wewe wanakuamini, mimi wasingenifungulia. Ndugu yangu, sikiliza. Chuo kimenipa nafasi moja ya mtu mwenye uzoefu asomee shahada. Fomu nimeshaijaza jina lako. Kwa umri huu nani mwingine atakupa?"

Kwa kitambo Kipimo aliiona shahada ile ikining'inia sebuleni, kando ya cheti. Aliiona vizuri, na fremu yake. Kisha akaona kwamba wakwe zake wangekuja kuisoma.

"Na wale vijana walitaja jina langu," alisema. "Hilo nalo uliwapa wewe."

Daktari alikusanya maganda ya karanga kwa kiganja, akayatia kwenye sahani, moja moja. Kipimo aliirudisha ripoti upande wa pili wa meza bila sahihi, akatoka.

Aliandika barua nyumbani, mchana, mkewe akiwa anakunja nguo kando yake. Alieleza vijiti, kamba, mashimo na maduara. Aliandika kwamba mashimo yote yametoka kwenye mikono yake miwili, na kwamba aliyeiongoza mikono hiyo ni Daktari. Aliandika kwamba yuko tayari kuyasema hayo popote ukoo utakapomwita. Akatia picha mbili, ya zamani na ya sasa, akaweka sahihi ndefu ya kutosha kusomeka.

Mkewe alisoma yote amesimama.

"Mama atakufukuza ukweni."

"Kwanza atasahihisha."

Mke hakucheka, lakini alikaa, akamtolea bahasha kabatini. "Na Daktari? Umekula naye miaka yote hiyo."

"Ndiyo maana nimeandika pole pole."

Huko posta alisimama kwenye foleni kama watu wengine. Alipofika dirishani, karani aliinyanyua bahasha, akaipima kwa mkono.

"Mzee, hujaifunga."

Kipimo aliipokea. Akailamba gundi, akaikunja, akaikandamiza kwa kidole gumba toka pembe hadi pembe, kama alivyokuwa akikaza fundo la katani. Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la barua zinazoondoka.