Vizuri, Vuta Pumzi

Nurudin alikuwa mshauri wa saikolojia kule Ilemela, na utafiti wake ulikuwa juu yake mwenyewe. Aliamini mtu hawezi kutibu moyo wa mwenzake ilhali wake una kutu. Basi kila alipoketi na mgonjwa alimwomba ridhaa, akarekodi mazungumzo, kisha akabaki peke yake akijisikiliza na kujihesabu: hapa nilijiona, hapa nilitaka kusifiwa.

Ndivyo alivyokuwa akiirudia sauti yake katika kikao cha Sada, mwanika dagaa wa Kamanga aliyefiwa na mtoto ziwani. Aliichuja mno sauti yake, hata siku moja, kwa bahati tu, akaisikia ya Sada.

"Aliniita," Sada alikuwa akisema. "Nilimsikia. Nikasema ngoja kwanza nianue dagaa, mvua hiyo inakuja."

Na sauti ya Nurudin ikajibu, kwa upole kabisa: "Vizuri. Vuta pumzi."

Baada ya kikao kile Sada hakurudi tena.

Haki ya mja haifutwi kwa kusujudu. Sharti mwenyewe akusamehe. Nurudin akapanda kivuko kwenda Kamanga.

Alimkuta Sada ameinama juu ya chanja, akigeuza dagaa pamoja na jirani yake Odeta.

"Heee! Daktari wa maneno!" Odeta akacheka. "Mjini wagonjwa wamekwisha?"

"Hebu tupishe, Odeta," Sada akasema.

Nurudin akaeleza yote. "Siku ile nilikuwa nautazama moyo wangu, dada. Nisije nikakukosea."

"Uliuona?"

Nurudin akaokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha chanjani.

"Mimi nilijua umenisikia. Nikasema, amesikia, na ameona ni vizuri. Nimelala na hiyo 'vizuri' yako mpaka leo."

"Nisamehe, dada."

"Umekuja kunisikia, au umekuja kusafishwa?"

Akaitafuta nia yake kifuani, kama alivyozoea. Sada alimtazama akiitafuta, kisha akarudi kwenye dagaa wake.

"Nimekusamehe. Nenda, kivuko kisikuache."

Katikati ya maji Nurudin akahisi wepesi kifuani. Akaanza kuupima: huu ni shukrani, au ni kujiona? Aliupima mpaka miamba ya Mwanza ikawa karibu na watu wakaanza kubeba mizigo yao. Hapo ndipo alipotambua kwamba, hata leo, hakumuuliza Sada yule mtoto aliitwa nani.