Kiuno cha Bwana Sumaili

"Bibi Aziza, matako ya mutu mukubwa yanaweza kufa kabla ya mwenyewe?" jirani yangu Faida aliniuliza siku moja, hapa Kasongo.

Nilimkemea, maana alikuwa akimsema Bwana Sumaili, tajiri wa pembe za ndovu. Lakini hakukosea. Miaka kumi Bwana huyo alibebwa kwa machela, hata kwenda kumpa jirani pole. Makalio yake yakalegea kama muhogo uliolowekwa siku nne. Akisujudu, hainuki mpaka ainuliwe. Naye Idd iliyokuwa ikija alitaka sana kuswalisha. Mzee Assumani, mkubwa wa msikiti, alikwisha sema, "Imamu hainuliwi kama gunia la mupunga. Nitakuja kumtazama."

Kwa kuwa mimi hukanda watu, nikaitwa. Nikamwambia, "Kila alasiri ulale chali mkekani, ukunje magoti, uinue kiuno polepole, ukaze makalio, uvute tasbihi kumi, ushuke. Kisha ulale ubavu, uinue mguu. Taratibu, Bwana, si vita hii."

Baada ya mwezi nikarudi. Bwana Sumaili alikuwa kitini, tasbihi mkononi, anahesabu. Mkekani alilala Amuri, mtumwa wake, kiuno juu, jasho linamtiririka.

"Na wewe, Bwana?"

"Mi nahesabu. Shamba langu nani analima?"

"Amuri."

"Mupunga iko ya nani?"

"Yako, Bwana."

"Basi! Na nguvu iko yangu."

Nilimweleza kwamba kiuno si mpunga. Akanipa kuku, akaniambia niende salama.

Wiki ya Idd, Mzee Assumani alikuja barazani kwa Bwana kumtazama. Mimi nilisimama mlangoni na wanawake. Bwana akarukuu vizuri, akasujudu. Akakaa huko.

"Mashallah," Mzee akasema, "sijda ndefu."

Ikazidi kuwa ndefu. Kuku walipita, wakarudi. Mwisho sauti ikatoka mkekani:

"Amuri! Simama!"

Amuri, aliyekuwa amechuchumaa pembeni, akainuka mara moja, wima kama nguzo, bila kushika kitu. Bwana akabaki chini.

"Umeona, Mzee?" akasema, paji la uso lingali mkekani. "Nguvu iko. Siku ya Idd mi nitatangulia mbele, nitasoma. Amuri atasujudu kwa ajili yangu."

Mzee Assumani akamtazama sana. Akaokota fimbo yake, akatoka kwenda kutafuta mwingine wa kuswalisha.